Chembe Hii ni Binti wa Wapi?

Vuta kiti ukae, wewe uliyekabidhiwa ufunguo wa maabara juzi, nikuambie jambo kabla foleni ya asubuhi haijafika mlangoni. Mimi nimestaafu, sina haraka. Wewe ndiyo kwanza umeanza, kwa hiyo unadhani huna nafasi ya kusikiliza. Nafasi unayo. Sitakuambia nilipanda cheo mwaka gani wala ni ofisi ipi iliyonicheleweshea barua. Nataka kukusimulia habari za chembe ya damu iliyoota nywele, za mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa nayo mwilini, na za slaidi sita nilizoziharibu kwa kufanya kazi sawasawa kama nilivyofundishwa.

Mimi ni Mkuria wa upande wa mpakani. Nilipoanza kazi Homa Bay, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kijaluo changu kilitosha kusalimia na kuomba maji, basi. Mkubwa wa maabara alikuwa Mzee Okelo, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka ukiligusa unahofia kulivunja. Alikuwa Msabato, hanywi chai. Jambo hilo lilitutesa sana, kwa sababu sisi wengine tulipokwenda kunywa chai ya saa nne, yeye alibaki akizipitia slaidi zetu.

Siku yangu ya kwanza alinitazama toka viatu hadi kichwani.

"Wewe ndiye Mkuria?"

"Ndiyo, mzee."

"Watu wenu wanapenda sana ng'ombe za watu."

"Na watu wenu wanapenda samaki, mzee. Basi tu samaki hawana mwenyewe."

Nikadhani kazi yangu imekwisha kabla sijavaa koti. Kisha akasema, "Hapa hakuna ng'ombe. Kuna damu. Ukitoroka nayo nitakufuata mpaka kwenu Isebania." Nikajua tutaelewana.

Chombo chake cha thamani hakikuwa hadubini. Kilikuwa mkebe wa biskuti uliojaa maharagwe. Kuhesabu aina za chembe nyeupe za damu kunataka ufikishe mia moja, na kifaa cha kuhesabia tulichokuwa nacho kilikuwa kimekwama kwenye sabini na nane, hakuna aliyekumbuka tangu lini. Mzee Okelo alitumia haragwe jekundu kwa aina moja ya chembe, jeusi kwa nyingine, la madoadoa kwa ya tatu. Unaona chembe, unahamisha haragwe. Pembeni kulikuwa na punje chache za mahindi meupe. Hizo zilikuwa za chembe usiyoijua.

"Mgeni akiingia bomani," aliniambia, "humpi jina la jirani ili hesabu yako ikamilike. Unamwandika mgeni. Halafu unamuuliza ametoka wapi."

Ninyi siku hizi mna mashine inayohesabu maelfu kabla hujapiga chafya. Ni nzuri, naipenda. Lakini muulizeni anayeitunza mahindi ya mashine hiyo yako wapi.

Sasa nikueleze habari za slaidi, maana kisa chote kimesimama hapo. Kwetu malaria ndiyo iliyokuwa bwana wa maabara. Wagonjwa kumi wakija, tisa wametumwa kupimwa malaria, na wa kumi amemsindikiza wa tisa lakini naye anahisi baridi. Kwa malaria tunatumia tone nene: unaweka damu kwenye kioo, unaikoroga kidogo ibaki nene, ikikauka unaitia rangi. Maji ya rangi huzipasua chembe nyekundu zote, na vimelea hubaki wazi, rahisi kuonekana. Ni njia nzuri sana. Lakini kinachozipasua chembe nyekundu hakiziachi nyeupe salama. Kinachobaki cha chembe nyeupe ni kiini tu, kama kokwa la embe lililonyonywa na watoto watatu.

Mpako mwembamba ni kitu kingine. Unachukua tone dogo, unalisukuma kwa ukingo wa slaidi ya pili mpaka liishie kama mkia, likikauka unalizamisha kwenye methanoli ili lishike kiooni. Hapo chembe hulala moja moja, kila moja ikiwa na nguo zake. Tena methanoli ina kazi ambayo vitabu havikuiandika: huwakatisha tamaa inzi. Slaidi isiyotiwa methanoli, ukiigeuzia mgongo, ukirudi utakuta kioo kisafi na inzi aliyeshiba. "Tia methanoli kwanza," alisema Mzee Okelo, "watu utawasalimia baadaye." Neno hilo nililishika kama amri ya kumi na moja.

Baada ya miaka michache nilihamishwa kwenda upande wa Migori, wilaya ilipokuwa bado changa, kwenye hospitali ndogo ya misheni kando ya barabara inayoteremka ziwani. Sitaitaja jina. Maabara ilikuwa chumba kimoja, na mtaalamu alikuwa mtu mmoja, yaani mimi. Nilikuwa na hadubini ya kioo cha kukusanyia mwanga wa jua, friji ya mafuta ya taa iliyopozwa kwa maombi zaidi, na mashine ya kuzungushia damu kwa mkono kama unasaga nyama. Mzee Okelo alinipa maharagwe ya kuanzia maisha. "Mahindi utanunua mwenyewe," alisema. "Nchi yenu haina shida ya mahindi."

Huko ndiko nilikokutana na Nyar Kosele.

Jina lake la kanisani lilikuwa kwenye kadi, lakini hakuna aliyelitumia. Wajaluo humwita mwanamke aliyeolewa kwa mahali alikozaliwa. Nyar maana yake ni binti wa. Mama huyu alizaliwa Kosele, akaolewa Sori kando ya ziwa, akazaa huko watoto watano, akaanika omena huko miaka ishirini, na bado aliitwa binti wa Kosele. Akifa ataitwa hivyo hivyo. Mimi niliona ni ajabu, mtu akae mahali maisha yake yote na jina lake libaki kwingine. Nikaja kuona kuwa ni sayansi nzuri.

Alikuwa mwembamba, mdomo mwepesi, tumbo limejaa upande wa kushoto. Bandama yake ilikuwa imevimba mpaka kitovuni. Kwetu bandama kubwa haikumshtua mtu; malaria ya miaka mingi huivimbisha. Alikuja mara tatu akiwa na uchovu, homa za kuja na kurudi, na michubuko mikononi ambayo alisema ni kamba za nyavu. Mara tatu nilitengeneza tone nene. Mara tatu niliandika, kwa mwandiko mzuri, *Hakuna vimelea*. Alirudishwa na dawa za malaria hata hivyo, kwa heshima ya mazoea.

Mara ya nne hakuondoka dirishani.

"Daktari, hiyo damu yangu unaangalianga nini ndani?"

"Vimelea vya malaria, mama."

"Na usipoviona?"

"Naandika hakuna."

"Hakuna malaria, ama hakuna kitu?"

Nyuma yake watu kumi na saba walikuwa wanangoja na mmoja alianza kulalamika kwa sauti. Nyar Kosele akageuka: "Yawa, wewe tulia! Mimi nimeleta damu hapa mara nne, wewe hata moja bado." Yule mtu akatulia. Mimi nikatengeneza mpako mwembamba.

Nilipofika kwenye mkia wa slaidi nilisimamisha mkono. Chembe nyeupe zilikuwa chache kuliko inavyopaswa, na kati ya hizo chache kulikuwa na za namna ambayo sikuijua. Kiini cha duara, mwili wa rangi ya majivu, na ukingoni nywele, nyuzi laini zimetoka kila upande, kama mtoto aliyeamka hajachanwa. Katika tone nene nywele hizo zilipasuliwa na kuoshwa pamoja na kila kitu. Mara tatu zilikuwa zimepita chini ya jicho langu zikiwa uchi.

Nilihesabu. Nilipomaliza mia moja, kwenye kibakuli kulikuwa na punje kumi na moja za mahindi.

Jambo la kwanza, kijana, ni kujishuku mwenyewe. Siku za mvua damu hukauka polepole, na chembe ya kawaida ikikauka polepole huchakaa ukingoni na kuonekana kama ina manyoya. Kwa hiyo nilimwita mama tena, nikapaka slaidi mpya, nikazipepea kwa jalada la daftari zikakauka mara moja. Nywele zilikuwepo. Nikapaka damu yangu mwenyewe kando yake, kwa hewa ile ile na jalada lile lile. Zangu zilikuwa na vipara. Ijumaa nikapanda kwenda Homa Bay na slaidi mfukoni.

Mzee Okelo aliipitia slaidi mpaka mwisho wa mkia. Kisha akaondoa miwani, akanyoosha mkono kwenye mkebe wake, akanipa punje moja ya hindi. Akanipeleka kwa Daktari Omolo, mpasuaji wa hospitali, mtu mkubwa wa mwili aliyezungumza taratibu kana kwamba kila neno linashonwa.

"Nimesoma habari zake, sijawahi kuiona," Daktari Omolo alisema. "Kuna mambo matatu. La kwanza, malaria ya miaka mingi. Inaweza kuivimbisha bandama hivi, na kuijaza damu chembe zinazofanana na hizi. Hiyo dawa yake ni vidonge vya kuzuia malaria kwa miezi mingi, si kisu. La pili, kansa ya damu ya chembe zenye nywele. Ni adimu. Inatokana na chembe za kinga za ukoo wa B. Hiyo nikitoa bandama, mama anaweza kupata miaka mizuri. La tatu, kansa nyingine inayojificha kwenye bandama, ya ukoo wa T. Hiyo nikikata nimemuumiza bure, na huenda asiamke mezani."

"Kwa macho hatuwezi kuzitenganisha?" niliuliza.

"Wewe unaweza?"

"Hapana, daktari."

"Basi mimi sikati kwa sababu ya nywele. Niambieni zilikozaliwa. Na msikawie, damu yake inashuka. Baada ya mwezi hata nikijua, hataweza kuvumilia kisu."

Niliporudi nilimweleza Nyar Kosele, kwa sababu mwenye mwili ndiye mwenye habari. Nikamwambia kinga ya mwili ina koo za chembe. Wa ukoo wa B hutengeneza kingamwili, silaha zinazotupwa kwenye damu. Wa ukoo wa T huingia mapambanoni wenyewe na kuwaelekeza wengine. Kwenye hadubini wanafanana kama mapacha. Lakini kila ukoo una alama zake juu ya ngozi ya chembe, na Nairobi kuna mtu mwenye kingamwili za maabara zinazoshika alama moja tu. Ikishika, anatia rangi, chembe inakuwa nyekundu.

Alifikiri.

"Kwa hivyo mnataka kujua hiyo kitu ni nyar wapi."

"Hasa."

"Inakaa kwa bandama, lakini kwao ni kwingine."

Nimehudhuria mafunzo mengi tangu siku ile. Sijasikia mwalimu aliyeliweka vizuri zaidi.

"Na kuna swali la pili," nikamwambia. "Tukikuta ni za ukoo wa B, tutauliza kama ni za mama mmoja. Mtu anayepigana na malaria, chembe zake za B ni kama watoto wa boma la wake wawili. Wa nyumba kubwa na wa nyumba ndogo wamechanganyika wanacheza pamoja. Lakini kansa huanza na chembe moja iliyozaa bila kupumzika. Ukiingia bomani ukute watoto mia na wote ni wa nyumba moja, ujue hapo kuna jambo."

"Mia kwa mama mmoja!" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Huyo mama mwacheni, amechoka." Halafu kicheko kikaisha. "Na ikiwa ni ya huo ukoo mwingine, wa T?"

"Daktari hatakata."

"Basi nitarudi Sori kuanika omena mpaka iishe."

Hakusema ni nini kitakachoisha.

Nilitengeneza slaidi sita nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nilizungusha damu kwa mkono, nikaiosha mara tatu kwa maji ya chumvi ili kingamwili zinazoelea kwenye damu yenyewe zisituchanganye, nikapaka, nikakausha. Kisha, kabla inzi hajatua, nikatia methanoli. Zikapanda basi la asubuhi kwenda Nairobi zikiwa zimefungwa kama zawadi ya harusi.

Baada ya siku tano niliitwa kwenye simu ya ofisi ya sista mkuu. Aliyekuwa upande wa pili ni Bi. Zainabu, mwanamke wa Mombasa aliyehamia Nairobi na kingamwili zake, ambaye mpaka leo sijapata kumwona kwa macho.

"Mwita, kakangu, slaidi zako nzuri mno. Umezipaka kama siagi. Lakini hebu niambie, umezitia nini?"

"Methanoli, bibi."

"Methanoli! Kwa nini, jamani?"

"Inzi."

Nikasikia anacheka, lakini si kicheko cha kunifurahia.

"Ndugu yangu, umewaokoa na inzi ukawanyang'anya vitambulisho. Methanoli imeziharibu alama zote ninazozitafuta. Nimezimwagia kingamwili mchana kutwa, hakuna kilichoshika. Nywele naziona, ukoo siuoni."

Nikasema samahani mara ngapi sijui.

"Samahani haitiwi rangi," alisema. "Niletee mbichi. Kavu kabisa lakini mbichi, zisionje methanoli, zisionje unyevu. Nitazitia asetoni mwenyewe huku. Na sikiza, Mwita. Dawa iliyonibakia inatosha mara moja tu. Nyingine yatoka ng'ambo, na sijui itafika lini. Usinipikie tena."

Niliweka simu chini, nikaenda kumwambia Nyar Kosele kuwa nimeharibu. Alikuwa amelazwa kwa wiki hiyo kwa sababu homa ilimrudia. Nilitarajia anifokee. Akasema, "Kwa hivyo ulifanya vile ulifundishwa."

"Ndiyo."

"Mimi pia niliharibu gunia yangu ya kwanza hivyo. Kuja utoe hiyo damu."

Ilikuwa majira ya mvua ndefu. Shuka zilikuwa hazikauki, chumvi ilikuwa imeloa kwenye kopo. Nilipaka slaidi sita, nikaziweka chini ya taa ya mezani ili joto lizikaushe haraka, nikasimama hapo nikiwafukuza inzi kwa koti langu kama mchunga ndege shambani. Zilipokauka zikiwa bado moto, nikazifunga moja moja kwa karatasi ya fedha ya kupikia, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikapiga kifuniko. Basi lilikuwa la saa tatu. Nilijisifu kimoyomoyo.

Nyar Kosele alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, amejifunga leso, ananitazama.

"Daktari, unafunga zikiwa moto?"

"Zimekauka kabisa, mama."

"Sikuuliza kama zimekauka. Nimeuliza kama ni moto."

"Ni moto kidogo."

"Ja-Kuria, wewe hujawahi kuuza omena." Akainuka, akashika kizingiti. "Omena ikitoka kwa jua, unaona imekauka, inavunjika kwa mkono. Ukiitia kwa gunia na hiyo joto, inatoa jasho ndani. Ukifungua Kisumu imeota manyoya, wateja wanakutukana mama yako. Mimi sifungi mpaka niishike kwa shavu nisikie baridi."

Nilitaka kumweleza kuwa kioo si samaki. Nikafungua kopo badala yake. Nikakunjua karatasi ya kwanza, nikaielekeza dirishani. Juu ya kioo, juu kabisa ya damu, kulikuwa na ukungu mwembamba, kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha gari.

Basi la saa tatu liliondoka bila kopo langu.

Tulianza upya. Alinipa tena damu, ingawa kwa hali yake hata hiyo kidogo ilikuwa sadaka. Nilipaka slaidi sita, safari hii nikazipepea kwa jalada la daftari, bila taa. Tukatandaza chandarua juu ya meza. Sista mmoja akanikaangia mchele mkavu jikoni, nikauacha upoe, nikaufunga kwenye kitambaa ili uvute unyevu ndani ya kopo. Nyar Kosele alikaa kando ya chandarua na kuwatangazia inzi vita kwa Kijaluo. Kila nikinyoosha mkono kwenye karatasi ya fedha aliniambia, "Bado." Nilikuwa na cheti cha chuo na miaka kadhaa ya kazi, na nikatii. Mwishowe nikaweka kiganja nyuma ya kila kioo. Zilikuwa baridi kama mtungi.

"Sasa funga," akasema.

Niliandika jina kwenye kila kioo kwa penseli, maana wino hukimbia kwenye asetoni, nikafunga. Yakawa mambo ya basi la siku iliyofuata, na ya kungoja.

Kungoja kulichukua siku sita. Damu yake ilishuka tena. Ndugu zake wa Kosele walikwisha kufika Homa Bay, wanaume wanne wenye vifua vipana, tayari kutoa damu ikiwa daktari atakata. Kila siku walimuuliza Mzee Okelo kama watoe, na kila siku aliwaambia wale vizuri. Nasikia walimtii kwa moyo.

Siku ya sita sista mkuu aliniita mbio.

"Mwita," alisema Bi. Zainabu, "umekaa?"

"Nimesimama, bibi."

"Simama hivyo hivyo. Ukoo wa T, hakuna kitu, safi. Ukoo wa B, nyekundu! Nyekundu kama pilipili! Nimezihesabu zenye nywele, zote."

"Na mama?"

"Mama mmoja. Nyumba ya pili haina hata mtoto wa dawa. Na kuna alama nyingine inayovaliwa na chembe za ile kansa ya nywele, nayo wamevaa. Mwambie daktari wako anoe kisu. Na wewe, nani amekufunza kukausha hivi? Nimepokea slaidi za mahospitali makubwa zimekuja zimelia machozi njia nzima."

"Mgonjwa mwenyewe," nikasema.

"Mwite aje anifanyie kazi."

Nilimkuta Nyar Kosele wodini amegeukia ukutani. Nikamwambia, "Ni nyar B. Za mama mmoja." Hakugeuka mara moja. Akauliza, "Hiyo ndiyo ya kukatwa?" Nikasema ndiyo. Akakaa kitandani, akafunga leso vizuri, akasema, "Basi tunangoja nini? Gari iko wapi?"

Daktari Omolo aliitoa bandama siku nne baadaye, ndugu wa Kosele wakiwa wametoa damu na kujisifia kwayo mjini. Mzee Okelo alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ameamka," alisema. "Ameuliza kama mmeiona bandama yake vizuri. Ameuliza pia uzito wake." Mwezi wa pili baada ya kisu, damu yake ilikuwa imepanda mpaka nikaipima mara mbili kwa kutoamini. Miaka mingi baadaye ugonjwa ulimrudia kidogo, lakini wakati huo dawa mpya zilikuwa zimefika, na hiyo ni habari ya madaktari. Ninapokusimulia haya bado yuko Sori, ingawa sasa amekaa kitini na kazi yake ni kuwaambia wengine "bado".

Alirudi kunitembelea baada ya operesheni akiwa na gunia dogo la omena. Nikamtolea daftari la maabara, nikamwonyesha mistari mitatu niliyoandika *Hakuna vimelea*. Nilitaka aijue. Alisoma polepole, kidole juu ya karatasi.

"Si uongo," akasema. "Vimelea havikuwepo. Lakini ulikuwa umeandika ukamaliza, na mimi bado nilikuwa nimesimama."

Mzee Okelo alifariki zamani. Mkebe wake niliachiwa mimi, nami nimeuacha kwenye rafu ya juu ya maabara hiyo uliyokabidhiwa, nyuma ya chupa za rangi. Usiwapikie wanafunzi maharagwe hayo. Yana sumu ya rangi ya miaka thelathini.

Basi fanya hivi. Akija mgonjwa mwenye bandama kubwa, na tone nene halina vimelea, usiandike hakuna ukamrudisha. Paka slaidi nne nyembamba. Mbili zitie methanoli, uziangalie mpaka kwenye mkia. Mbili ziache mbichi chini ya chandarua, za kupelekwa kutafutiwa ukoo. Zikishakauka weka kiganja nyuma ya kioo. Shavu waachie wauza omena. Ikiwa bado na joto, ngoja. Ikiwa baridi, andika jina kwa penseli, funga, ndipo uende ukanywe chai.